Neno Zito la Dama

Kwa mara ya tatu Ijumaa hiyo, Dama alisimama mbele ya meza ya Bi Hussaina, mwenye shule ya chekechea hapo Bondeni, karatasi imemlowa jasho mkononi.

"Bi Hussaina, nakuomba. Wazazi hawakusema vile. Ni mimi niliyeandika."

Dama alikuwa karani wa shule hiyo kwa miaka sita. Vikao vya wazazi vilifanywa kwa Kiswahili, kumbukumbu zikaandikwa kwa Kiingereza, maana wadhamini walitaka hivyo, na wazazi wakatia saini bila kusoma wenyewe, Dama akiwasomea kwa Kiswahili. Jumanne walilalamika kwamba uji wa watoto ulichelewa siku mbili. Walimkosoa mpishi, Da Mapenzi. Akaomba radhi, wakataniana, kikao kikafungwa kwa dua.

Dama angeandika "criticised", yaani walimkosoa, ikawa basi. Lakini alikwisha kulitumia neno hilo mara mbili kwenye ukurasa ule, na tangu shuleni alifundishwa kwamba kurudia neno ni umaskini wa lugha. Akafungua kamusi ya visawe, akachagua "condemned". Lilimpendeza kwa uzito wake.

Wadhamini wakasoma kwamba wazazi wote wamemlaani mpishi. Mapenzi aliamriwa arudishe funguo za jiko Ijumaa hiyo, saa nane mchana.

"Niletee saini tano za wazazi," Bi Hussaina alikuwa amemwambia asubuhi, "nami nitawapigia wadhamini."

Dama akaandika barua nyingine, akakimbia nyumba kwa nyumba. Kwa Taib, mzazi mmojawapo na fundi wa cherehani, wanawake waliokuwa wakingoja nguo zao walimgeukia.

"Mzungu wetu huyo!" Taib alisema. "Saini nyingine?"

"Ni ya kumrudisha Da Mapenzi, Bwana Taib."

"Ya kwanza nilitia, mkamfukuza mama wa watu kwa jina langu. Mimi nilisema uji umechelewa, basi! Hii nitajuaje imesema nini?"

"Nitakusomea."

"Hata ile ulitusomea."

Wanawake wakaguna. Dama akaikunja karatasi, akatoka.

Sasa Bi Hussaina aliitazama karatasi, akaitazama saa ya ukutani: ilikaribia saa nane. "Saini mbili tu, Dama. Niwaambie nini?"

Jikoni, Mapenzi alikuwa akipangusa sufuria ambayo tayari ilikuwa kavu.

"Hilo neno, mdogo wangu, maana yake nini hasa?"

Dama angeweza kusema ni kukosoa, kukaripia, kulaumu. Mapenzi hangejua.

"Ni neno la hakimu, Da Mapenzi. Anapompeleka mtu kunyongwa."

Mapenzi aliacha kupangusa. "Kwa uji?"

"Kwa uji."

Mapenzi akafungua fundo kwenye pindo la leso, akatoa funguo, akaziweka mezani baina yao.

"Wapelekee wewe ofisini. Mimi siwezi kuvuka ule ua, watoto watanikimbilia."

Dama akazichukua. Zilikuwa bado na joto la mwili wa Mapenzi.