Samaki wa Krismasi wa Mama

Mama yangu, Genowefa, alikuwa mshonaji tu hapa mjini Wrocław, siasa hazimhusu. Desemba ile ya themanini na moja, jeshi lilipotwaa nchi na vifaru vikajaa barabarani, kaka yangu Zdzisław alimletea karatasi za kulipinga jeshi, zilizopigwa marufuku, kazifunga kwenye plastiki. Mama akazizamisha katika beseni la kuogea, chini ya samaki wa Krismasi, maana kila nyumba ilikuwa na wake akiogelea humo, hai, hadi achinjwe siku ya mkesha.

Polisi wakaja mchana. Mmoja alipindua magodoro, mwingine akaingia bafuni. Mimi na mama tukamfuata hadi mlangoni.

“Nani atamchinja huyu?” polisi akauliza, akikunja mikono ya shati.

“Muache, mwanangu,” mama akasema. “Wajukuu wameshampa jina. Ukimgusa, vilio vyao utavinyamazisha wewe.”

Polisi akacheka, lakini macho yake yalibaki majini. Kisha akazima taa, akatoka.

Mpaka leo sijui kama aliona. Plastiki ilikuwa imevuja, na siku ya mkesha samaki alinuka wino.

“Kuleni,” mama akasema, akitugawia vipande.

Tulimla hadi miiba, kwa kuwa naye alikuwa shahidi wa karatasi zile.