Kitunguu Saumu Chini ya Mto wa Mama

Hadi leo, nikitwanga vitunguu saumu jikoni kwangu hapa Ixelles, Ulaya, harufu yake hunirudisha sebuleni kwetu Berchem, mbele ya katuni ya Kihispania ambayo hakuna mtu nyumbani aliyeielewa.

Jirani yetu Mhispania alipohama alituachia mfuko wa diski za filamu. Mojawapo ilikuwa filamu ya vampaya, wale wanyonya damu wa hadithi za Wazungu: baba mwenye joho jeusi na meno yaliyochomoza, na bintiye mnene, mcheshi. Walizungumza haraka kama mvua juu ya bati, tena bila maandishi chini. Tantine Odile, mdogo wake mama, aliyekuwa akinitunza, alijitolea kunitafsiria. Kihispania hakujua hata salamu, lakini tangu lini Tantine akakosa la kusema?

"Aba njo batumbula," alisema huku akitafuna karanga. "Kwetu Katanga wazee balikuwa banabaogopa sana. Muchana banalala, busiku banatoka kukamata bantu. Bon, aba ba Ulaya banakunywa tu damu."

Ilikuwa filamu ya kuchekesha, jamani, nasi tuliitazama kama tuko matangani. Kila vampaya alipojikwaa, Tantine aliguna, "Mungu wangu!" nami nikavuta blanketi. Jambo moja tu nililielewa bila mkalimani: wakionyeshwa kitunguu saumu, walikimbia wakipiga chafya.

Sasa nifuateni polepole, maana akili ya mtoto ina hesabu zake. Mama alikuwa muuguzi wa zamu ya usiku katika hospitali moja kule Jette. Aliondoka giza likiingia, akarudi asubuhi, akafunga mapazia na kulala mchana kutwa. Na kazi yake, alivyonieleza mwenyewe kwa fahari, ilikuwa pamoja na kuwatoa watu damu. Kikulacho ki nguoni mwako, husema Waswahili. Nilichanganyikiwa vibaya. Nilimpenda mama yangu, na niliiogopea shingo yangu. Alipoinama kunibusu, nilipandisha kola ya sweta. Alinitazama kidogo, akaenda kulala.

Siku zikapita hivyo, hadi Jumatano moja. Jumatano shule za hapa hufunga adhuhuri. Nikachukua kichwa cha kitunguu saumu jikoni, nikanyata hadi chumbani kwake, nikakisukuma chini ya mto. Akipiga chafya, basi ni mmoja wao.

Alifumbua macho. "Unatafuta nini, mutoto yangu?"

Mkono ulikuwa bado chini ya mto. Nililia, nikamwambia yote, batumbula, damu, mapazia, mpaka karanga za Tantine. Nilitarajia kofi.

"Donc njo maana hautake nikubusu?" aliuliza. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Miye nilizani umeshaanza kunisahau."

Kisha akainuka, akafungua mapazia yote, akasimama juani na gauni lake la kulalia. Akamenya punje moja, akaitafuna mbichi, machozi yakimtoka. "Angalia muzuri. Minakimbia?"

Hakukimbia. Alitukalisha mimi na Tantine, akaiweka ile filamu upya. Vampaya wa kwanza alipojikwaa, mama aliangua kicheko, nasi tukatazamana, tusijue kama inaruhusiwa. Mwishowe Tantine alicheka kuliko wote, akidai alikuwa akijua tangu mwanzo. Tuliitazama mpaka jioni, mama akavaa koti, akaenda kazini. Mimi nililala fofofo.

Asubuhi alirudi bado ananuka kitunguu saumu. Nilishusha kola mwenyewe, nikampa shingo.

Kwa miaka mingi nilidhani habari inaishia hapo. Kisha nikaanza kazi ya zamu ya usiku mimi mwenyewe, nikajua usingizi wa mchana uliokatizwa unavyomchosha mtu ifikapo alfajiri. Mama alikesha na wagonjwa usiku ule akiwa amejinyima usingizi wake wa mchana, ili mwanawe asiogope kubusiwa.