Miiko ya Kikombe cha Mama Evans

Mama Evans hakunywa dawa yake ya moyo mtu akimtazama. Hata Suhaila, jirani aliyekuwa na ufunguo wa nyumba yake, alilazimika kugeukia dirishani na kutazama maghorofa ya Crescent Town mpaka asikie kikombe kikirudi mezani. Ndani yake mlikuwa na kitunguu saumu na tangawizi, vilivyochemshwa na majani makavu aliyotumiwa na shangazi yake kutoka Same. Jina la majani hayo hakulitaja kwa mtu.

Yeye mwenyewe aliitwa Dorotea. Alifika Toronto mwaka 1998, akasafisha ofisi za watu na kumlea Evans peke yake, mpaka kijana akaoa na kuhamia Mississauga. Mapigo ya moyo yalipoanza kwenda mrama, hospitali ilimpa vidonge vya kuifanya damu iwe nyepesi. Akavimeza kwa utiifu. Kikombe hakukiacha.

"Mwambie daktari, Mama Evans," Suhaila alimsihi. Alikuwa mhudumu katika nyumba ya wazee, na yanayowapata wachanganyaji wa dawa alikwisha kuyaona. "Vidonge vinalainisha damu, na kitunguu saumu hivyohivyo."

"Waganga wawili hawakutanishwi, mwanangu. Ukimtajia huyu dawa ya yule, zote mbili zinakufa. Nyie watu wa Tanga mlifundishwa nini, kukuna nazi tu?"

Suhaila akacheka. Akaapa kunyamaza.

Oktoba 2011 alimsindikiza kliniki akamtafsirie. Daktari alisoma majibu ya damu, akakunja uso: ilikuwa nyepesi kupita kiasi. Je, mama anatumia kitu kingine?

"Hakuna," alisema Mama Evans, macho yake yakiwa kwa Suhaila.

"Hakuna," Suhaila akarudia kwa Kiingereza.

Daktari akapunguza vidonge. Mama Evans alirudi nyumbani akitamba. "Umeona? Mzungu mwenyewe anarudi nyuma. Majani yanafanya kazi." Tangu siku hiyo akaongeza kikombe cha jioni.

Novemba fizi zilianza kuvuja damu. Kisha yakaja madoa ya zambarau. Suhaila aliyakuta nyuma ya shingo alipokuwa akimsuka, na kila wiki yalikuwa yamepanuka. Mara mbili alishika simu ampigie daktari, mara mbili akaiweka. Kiapo ni kiapo, alijiambia. Na damu itapimwa tena Jumatatu.

Ijumaa asubuhi Mama Evans aliteleza kwenye barafu kituo cha basi, akagonga kichwa. Aliinuka mwenyewe, akajicheka. Kufikia adhuhuri alikuwa anatapika na mdomo umekwenda upande. Wahudumu wa gari la wagonjwa walipouliza dawa anazotumia, Suhaila alizitaja zote, hata majani yasiyo na jina. Mmoja aliandika, kisha akauliza: tangu lini?

Kutoka kwenye machela, Mama Evans alimshika Suhaila mkono wa koti akamvuta karibu.

"Evans akifika," alisema, ulimi ukiwa mzito, "usimwambie kwamba ulikuwa unajua."