Windo Mpya na Picha ya Babu

Enzi zetu sisi tuliokulia Miteja, kompyuta ilikuwa inapigiwa hodi. Sitanii. Ilikaa chumba cha uani kwa baba mdogo Selemani, mpiga picha za pasipoti, imefunikwa kanga, na mtoto ukitaka kuiona unanawa mikono kama unaenda kula pilau. Kioo chake kilikuwa na kisogo kirefu, na boksi lake likiwashwa linanguruma mpaka kuku wanatoka mbio.

Na tulikuwa watu wa kushuku. Mgeni akija na begi, kijiji kizima kinalipima kwa macho. Sasa siku hiyo akaja fundi Shabani kutoka Masoko, na sidii mkononi. Baba mdogo kamwita apige windo, yaani atoe mfumo wa zamani kwenye kompyuta aweke mpya, maana ule wa zamani ulikuwa unaigomea printa.

Bibi yangu, Bi Somoe, akatandika mkeka mlangoni akakaa. Mle ndani ya kompyuta kulikuwa na picha ya babu. Moja tu. Babu alikuwa hataki kamera, alipigwa siku moja anamenya muhogo, kakunja uso, halafu akatutoka kabla picha haijasafishwa, yaani haijatolewa kwenye karatasi.

"Shikamoo, bibi," fundi akaamkia.

"Marahaba. Mume wangu yumo humo. Ukimfuta, utanieleza."

Mimi nikapewa kazi ya kuangalia mikono yake. Akitia kitu mfukoni, nipige yowe.

Sidii ikaingia, asilimia zikaanza kupanda. Kufika thelathini na mbili, pu! Boksi likazima. Akawasha, akaanza upya. Thelathini na mbili, pu! Mara ya tatu vile vile.

"Sidii ya wizi hiyo!" baba mdogo akafoka. "Nilijua tu!"

Bibi alimshuku jirani, kwa jicho lake la husuda. Mimi nilimshuku fundi, kwa sababu alikataa chai. Mtu anakataa chai ya watu, ana lake jambo. Bibi akaleta chetezo cha ubani, akaanza kulizungusha boksi.

"Bibi, moshi mbaya kwa mashine."

"Mbaya kwa mashine au mbaya kwako?"

Fundi akashika ubavu wa boksi, akatoa mkono haraka. Linachoma kama chungu. "Linapata joto, ndo maana linajizima," akasema, akachukua bisibisi. Kufungua kifuniko tu, akapiga chafya saba. Ndani njano tupu. Feni imegandwa na salfa, ile ile dawa ya unga ya mikorosho.

Sote tukageuka kumwangalia baba mdogo, mpiga kelele za wizi.

"Si nilikuwa natoa vumbi, ili fundi akute pasafi," akasema kwa sauti ya chini. Kumbe asubuhi kajitwika mgongoni mashine ya kupulizia mikorosho, akaielekeza kwenye matundu ya kompyuta, akapuliza! "Lakini tenki nililikung'uta."

"Selemani," bibi akasema, "baba yako umempulizia salfa? Kwani yeye korosho?"

Fundi akasafisha kwa brashi ya rangi. Safari hii asilimia zikapanda mpaka mwisho. Kioo kikatoa picha ya mlima wa theluji. Bibi akautazama mlima, akamtazama fundi.

"Mume wangu yuko wapi?"

Fundi akaanza kutoka jasho. Akafungua faili hili, akafunga lile, mpaka huyo hapo babu na muhogo wake. Bibi akajifuta macho kwa ncha ya mtandio.

"Isafishe sasa hivi. Asikae humo hata dakika moja."

Siku hizi simu inajipiga windo yenyewe watu wanakula. Mdogo wangu anabonyeza kubali, kubali, kubali. Siku moja atakuja kukuta ameshaozeshwa. Simu yake ilijaa picha za bibi: bibi kasinzia, bibi anacheka, bibi kabandikwa masikio ya paka. Ikaomba mfumo mpya, akakubali, ikazima moja kwa moja na picha zake zote. Hakuna aliyeshtuka, bibi si yupo, tutampiga nyingine. Bibi katutoka mwaka ule ule. Nikienda Miteja sasa, ukutani yupo babu peke yake.