Alinisingizia Stadi Iliyokatika, Leo Hedi ya Pikipiki ya Mkwewe Iko Chini ya Kitanda Changu

Admin shikamoo. Naomba jina langu lisionekane kabisa, Mpanda ni ndogo na wahusika wote wamo humu humu kwenye ukurasa.

Mimi ni binti wa miaka kumi na nane, nimemaliza form four, nakaa na mama. Nina aibu sana. Shule ya msingi nimesoma kwa Kiswahili, sekondari kwa Kiingereza, ila mtu akinikaripia mbele za watu lugha zote mbili zinanikimbia, nabaki kuangalia chini. Hii aibu ndiyo mtu aliitumia kunimaliza.

Baada ya shule mjomba alinichukua kwenye gereji yake ya pikipiki. Jamani niliipenda ile kazi! Hasa kutoa stadi za ekzosi zilizokatika. Kwa wasiojua, stadi ni vile vyuma vyenye nyuzi vinavyoshika bomba la moshi kwenye hedi, yaani kichwa cha injini. Stadi ni chuma, hedi ni alumini, vikiungua pamoja muda mrefu vinang'ang'aniana. Ukilazimisha, chuma kinakatikia ndani. Kukitoa kunataka moto, mafuta ya taa na subira: unafungua kidogo, unarudisha kidogo. Mjomba alikuwa anasema, "Hapo pasipotaka mabavu mpeni mpwa wangu."

Pale kulikuwa na fundi mkubwa, nimwite Deo. Hakunipenda tangu mwanzo. "Dada, hapa gereji, saluni iko ng'ambo ya barabara." Siku moja alikuwa anafungua ekzosi ya bodaboda, injini ya baridi, akachomeka kipande cha bomba kwenye mpini wa spana ili apate nguvu. Tak! Stadi ikakatika. Akaniwekea spana mkononi, halafu akapaza sauti, "Bosi, njoo uone alichofanya mpwa wako! Nimemwambia asubiri, hasikii."

Mjomba akaniuliza, "Ni wewe?" Sikusema ndiyo, sikusema hapana. Mjomba akaninyang'anya spana mbele ya madereva wote. "Rudi kwa mama yako ukakaange vitumbua."

Na ndicho ninachofanya mpaka leo. Nikipita kijiweni na beseni langu wananiita Dada Vunja. "Dada Vunja, kuna stadi huku, njoo umalizie!" Deo anacheka kuliko wote. Kila nikilala nilikuwa namwomba Mungu anionyeshe tu siku yake. Mungu kanionyesha.

Deo amechumbia Usevya. Kule kwa Wapimbwe, zamani kijana alikuwa anawalimia wakwe kwanza, waione mikono yake. Baba wa yule binti akamwambia, "Mpunga wangu nimeshavuna. Wewe si fundi? Pikipiki yangu hiyo, imelala tangu masika. Ifufue kwa mikono yako mwenyewe, asiiguse mwingine. Jumapili wazee wanakaa kukupa jibu."

Mnajua alichofanya? Katumia tena bomba lake kwenye spana. Stadi ikakatikia ndani. Akamdanganya mzee kwamba hedi inatakiwa kusafishwa mjini, akaifungua, akaitia kwenye kiroba, akaja nayo nyumbani kwetu wakati mama yuko sokoni, akanisimulia yote hayo.

"Mdogo wangu, nifichie aibu. Pale gereji nikiwaambia watanicheka mpaka nihame mji. Ni wewe tu unayeweza."

Ni wewe tu unayeweza! Nikamwambia, "Nitaitoa. Ila kwanza twende kwa mjomba, ukaseme mbele ya madereva nani alivunja ile siku."

Akacheka. "We nawe, mambo yameshapita hayo. Na nikikataa? Utaongea? Wewe hata salamu unanong'ona." Akaacha kiroba mlangoni. "Jumamosi naifuata. Wifi yako anasubiri."

Jana nimeipeleka kwa jirani anayechomelea mageti. Akanichomelea nati juu ya kile kisiki kilichobaki. Nikaiacha ipoe kidogo, nikadondoshea mafuta ya taa, nikaanza taratibu, mbele kidogo, nyuma kidogo. Ikalia kama panya. Ikatoka nzima, nyuzi za hedi hazijaguswa. Jirani akasema, "Aisee mtoto, una mkono wewe." Nikalia palepale, wala si kwa furaha.

Leo Deo kaja, nimemwambia bado imegoma, aje kesho asubuhi.

Nimewaza mabaya mengi. Nimewaza kufunga stadi mpya kwa kuipindisha, ilegee njiani, bomba la moshi liburuzwe na kelele mpaka kijiji cha Mamba wasikie. Nimewaza kuitupa hedi chooni. Lakini pikipiki ni ya mzee, hajanikosea kitu.

Ninachokitaka hasa ni hiki. Kesho alfajiri nipande gari la Usevya na hedi nimeifunga kwenye kitenge, Deo aje akute mlango una kufuli. Afike kule mikono mitupu, anikute nimeshaingia uani, wazee wamekaa, hedi na kile kipande cha stadi viko mapajani kwa baba mkwe wake. Hapo sihitaji kuongea sana. Watauliza wenyewe, "Binti, stadi hii iliyokatika kaitoa nani?" Nitajibu maneno mawili tu, nimeyafanyia mazoezi mbele ya kioo: "Nimeitoa mimi." Halafu nikae kimya nimwangalie Deo akitafuta lugha.

Mama anasema nitamvunjia binti wa watu ndoa. Mimi nasema ndoa gani hiyo inayoanza na mikono ya kuazima? Anasema nimwachie Mungu. Sasa Mungu si ndiye aliyeileta hedi mlangoni kwangu?

Nishaurini ndugu zangu, nifanye nini? Niende, au nimrudishie aoe kwa mikono yangu? Wale wa samehe saba mara sabini, nyie naomba mpite tu kimya kimya leo. Wengine jibuni mapema, nauli ninayo na gari linaondoka kabla jua halijatoka.