Jina Nililoliandika Kwenye Kitabu cha Mifugo

Nilimvua karani kofia yake nikaitupa mferejini, mbele ya watu. Wako watu wa Rugenge watakaokuambia kwamba waliona na walicheka. Naanzia hapo kwa sababu najua unachowaza ukisikia mwanamke anasema ameongea na mtu asiye hai: alikuwa na homa, alikuwa na njaa, alisinzia juani. Sikusinzia. Nilikuwa na hasira, na mtu mwenye hasira ya namna ile anaona kila kitu, hata vifungo vya shati.

Karani alikuwa amesimama mlangoni pa ofisi ya mifugo, ufunguo mkononi, saa sita kamili mchana. Mimi nilikuwa na mtoto mgongoni na mkokoteni mbele yangu, na ndani ya mkokoteni mbwa wangu Baroni alikuwa anakufa.

"Dawa ya Leta iko ya ng'ombe," alisema. Leta ndiyo serikali, kwetu. "Mbwa ya bazungu apande ndege aende kwabo."

"Bwana karani, anakufa. Angalia tumbo."

"Naangalia. Anakula kukupita weye." Akafunga mlango. "Rudia saa nane, mama."

Hapo ndipo kofia iliporuka.

Najua wengine mnauliza, makelele yote haya ni ya mbwa tu? Ndiyo, ni ya mbwa. Mzungu mmoja wa kampuni ya pamba, ambaye baba yangu alimpikia miaka mingi, alituachia Baroni mwaka wa uhuru, siku alipojaza gari akavuka mpaka bila kuaga. Mbwa mkubwa kama ndama, kifua kipana, sauti inatoka chini ardhini. Kisha ukaja uasi. Mume wangu aliondoka asubuhi moja kutafuta chumvi Luvungi, na mpaka leo sijui kama alifika. Nikabaki na mtoto anayeanza kutembea na mwingine tumboni, katika nyumba iliyo karibu na kambi ya askari. Askari akigonga mlango wa mwanamke aliye peke yake, unajua anataka nini. Baroni alikuwa anabweka mara moja tu, na viatu vinaondoka. Sasa alikuwa mzee, mdomo umeota mvi, kuinuka kwenyewe kazi, lakini sauti ilikuwa ile ile, na gizani hakuna anayeona mvi. Akifa leo, kambi nzima ingejua kabla ya Jumapili. Unaelewa nilichokuwa nasukuma kwenye mkokoteni ule?

Asubuhi alikula makombo ya ugali na matumbo ya ndagala, wale dagaa wa ziwani, akanywa maji mengi, akajikaza akakimbia uani kuwafukuza wapita njia. Baada ya hapo akaanza kuzunguka, hatulii. Alijaribu kutapika, hakikutoka kitu ila povu. Tumbo likapanda nyuma ya mbavu, gumu, ukiligonga linalia kama ngoma. Fizi zikawa nyeupe kama unga wa muhogo. Nilimwachia jirani mtoto mkubwa, nikamfunga mdogo mgongoni. Nilivyompakia mbwa yule peke yangu, usiniulize, maana sijui.

Karani aliokota kofia yake akaenda kula, akinitukana njia nzima. Barabara ikabaki tupu, kama inavyokuwa saa ile ya jua. Nikasukuma mkokoteni mpaka nyuma ya ofisi, karibu na ile njia ya mbao wanamopitisha ng'ombe wakiwachanja. Mbele yake palikuwa na kishamba cha mihogo. Nikakaa chini, nikashika kichwa cha Baroni, nikamtukana karani, nikamtukana mzungu, nikamtukana na mume wangu.

"Amevimba tangu saa ngapi?"

Mtu alikuwa amesimama katikati ya mihogo. Mrefu, amevaa kaki na aproni ya mpira, anaongea kama watu wa milima ya juu, wale wachungaji wa ng'ombe. Alikuwa amelowa mpaka kifuani, na ilikuwa kiangazi, mwezi mzima hatujaona tone. Alinuka ile dawa wanayoogeshea ng'ombe ili kupe wafe. Nilifikiri tu kwamba ametoka kazini. Habari za kivuli usiniulize, saa ile kwetu hakuna mwenye kivuli.

"Tangu saa tatu," nikamjibu. "Lakini angalia, anaumaka wanaume."

"Miye hataniuma. Mushike kichwa, mama."

Na kweli. Baroni, ambaye hakuwahi kumruhusu mwanaume mgeni amguse, alimtazama, akalaza masikio, akaanza kutetemeka. Mtoto mgongoni, aliyekuwa akilia tangu nyumbani, akanyamaza ghafla. Niliona yote hayo. Niamini, niliyaona, na sikuyajali. Alikuwa wa kwanza siku ile kuuliza habari za mbwa wangu.

Aligonga lile tumbo kwa vidole viwili, akisikiliza kama mtu anayesikiliza mlangoni kwa watu. "Halijajipinda," alisema. "Lingejipinda, ningekuambia umurudishe afie kwako."

Akatoa kwenye aproni chuma chembamba chenye tundu katikati, ambacho wanawatobolea nacho ng'ombe waliovimba kwa majani mabichi. Akakiweka nyuma ya ubavu wa mwisho, pale ngoma inapolia zaidi, akasukuma mara moja. Upepo ukatoka na mluzi, na harufu mbaya, ukatoka, ukatoka, tumbo likashuka mbele ya macho yangu. Baroni akashusha pumzi ndefu, akanilamba kiganja. Nililia, wala sioni haya.

"Leo asikule. Maji kidogo kidogo. Kuanzia kesho umupe chakula kidogo, mara tatu kwa siku, na akisha kula asikimbie." Kisha akaelekea mlango wa nyuma wa ofisi, na mlango ulikuwa wazi. "Njoo tuandike. Kila mnyama anaandikwa."

Kitabu kikubwa kilikuwa mezani, na penseli. Akakisukuma kwa kiwiko. "Andika weye. Mikono yangu haiandikake tena."

Hapo nilitazama mikono yake kwa mara ya kwanza. Ngozi ya vidole ilikuwa nyeupe, imekunjamana, kama ya mtu aliyefua nguo kutwa nzima. Nikaandika: mbwa dume, mzee, tumbo limejaa upepo, ametobolewa, amepona. Akanitajia jina lake, Samweli, na jina la baba yake, na cheo chake, msaidizi wa mifugo. Nikayaandika kwa mwandiko safi niliofundishwa sekondari.

Nilipokuwa nafunga kitabu alishika mguu wa kushoto wa mtoto, uliokuwa unaning'inia nje ya kitenge. "Mtoto wangu angekuwa sawa na huyu," alisema. Baridi ilipita kwenye mwili wa mtoto ikanifikia mgongoni. Nikageuka. Hakuna mtu. Sakafuni kulikuwa na nyayo za maji, zinaelekea kwenye mihogo, nazo zilikuwa zinakauka.

Je, nilikimbia? Nilisukuma mkokoteni taratibu, ili tumbo la Baroni lisitikisike.

Kesho yake asubuhi nilirudi na sahani ya ndagala kumshukuru Samweli. Karani alikuwa amefungua kitabu. "Ah, mama wa kofia. Umefungua ofisi ya Leta, tena umeandika jina ya mutoro ndani ya kitabu ya Leta. Na mwandiko iko yako."

"Mtoro gani?"

Akanionyesha orodha ya wafanyakazi ukutani. Mbele ya jina la Samweli waliandika: mtoro. "Alikimbia kazi siku waasi waliingia. Mwaka wa pili huu. Ukipenda nikupeleke mu gereza, sema."

Nilitoka. Mama mmoja mfagiaji, tunamwita Mama Nabintu, alinifuata mpaka barabarani, ufagio mkononi, akifagia mahali pasipo na takataka.

"Samweli hakukimbia," alisema bila kunitazama. "Alikatala kutoa ufunguo ya dawa. Wakamutupa mu josho." Josho ndilo lile shimo refu la dawa ambamo ng'ombe wanaogelea.

"Nani alimtupa?"

"Unauliza nani? Wiki ile walipita waasi wenye majani kichwani, nyuma yao wakapita askari wa Leta wenye kofia za chuma. Kisha wakubwa wa ofisi wakarudi, wakasema tujaze udongo. Tukajaza. Karani akapanda mihogo."

"Na hamkusema?"

"Si nimekuambia weye, leo?"

Baroni aliishi masika mawili mengine, na hakuna kiatu kilichovuka mlango wangu. Alipokufa, alikufa usingizini. Lakini lile kovu la ubavuni lilinuka dawa ya kupe mpaka siku nilipomzika. Na mtoto wangu, mguu wake wa kushoto ni baridi hata akishinda juani. Nimeupaka mafuta, nimeufunga sufu. Ni baridi.

Wewe unayeshika orodha ya watu na kalamu, kuwa mwangalifu na neno "mtoro". Na mtu akikuomba uandike jina lake kwa sababu mkono wake hauwezi, jua kwamba kazi haijaisha hapo. Mimi sikupata usingizi mpaka nilipopeleka malalamiko kwa mkuu wa wilaya, nikasimama dirishani mpaka yakapigwa muhuri wa kupokelewa. Ni haya:

"Kwa Bwana Administrata wa Teritwari, Uvira. Mimi niliyetia sahihi hapa chini, mama wa watoto wawili, mkaaji wa Rugenge, nalalamika dhidi ya ofisi ya mifugo. Josho lililo nyuma ya ofisi hiyo limejazwa udongo na kupandwa mihogo, na ndani yake yumo mfanyakazi wenu Samweli. Naomba lifukuliwe mbele ya watu wake wa milimani, wapewe mifupa wazike. Naomba pia neno 'mtoro' lifutwe kwenye orodha. Karani anasema nimeandika uongo katika kitabu cha Leta. Niliandika nilichokiona: siku hiyo, saa ambayo ofisi yenu ilikuwa imefungwa, Samweli alikuwa kazini."