Siku Mzee Wangu Alipogoma Mdomoni mwa Handaki

Jumamosi, tarehe 8 Februari. Theluji nyepesi tangu alfajiri, na upepo wa kuchoma masikio. Mchana jua lilitoka, lakini lilikuwa jua la mapambo tu.

Mwanzo huu nimeufuta mara tatu. Niliishia darasa la saba, na mambo ya reli si yangu, ni ya mume wangu. Nikikosea, kosa ni langu.

Ujanani mume wangu alikuwa mchochea makaa kwenye garimoshi, kwetu Tabora. Miaka sita alitupa makaa tanuruni huku mwenzake akiendesha. Zamu yake ya kupandishwa udereva ilipokaribia, zikaletwa injini za dizeli, naye akahamishiwa ghalani. Hakuwahi kuendesha injini ya mvuke hata hatua moja. Sasa ana miaka sabini na mbili, tunaishi ughaibuni, Scarborough, na mtaa wa Agincourt kuna chama cha wazee wenye reli ndogo ya kuchezea, imetandazwa juu ya meza ndefu kama ukumbi wenyewe. Hilo "kuchezea" ni neno langu. Wao hawalipendi.

Reli yao inaigiza miaka ya mwisho ya mvuke. Kutoka mjini mpaka kumaliza handaki, juu kuna nyaya za umeme. Kuanzia hapo hadi mlimani hakuna nyaya, ni injini ya mvuke peke yake. Lakini walishakubaliana kwamba mwezi ujao nyaya zitafika mlimani na injini ya mvuke itawekwa kabatini. Jumamosi hii ndiyo ilikuwa safari yake ya mwisho mbele ya wageni, na mume wangu ndiye aliyepewa kuiendesha.

Alipewa kwa shida. Injini ile hutoa moshi ukiitia matone ya mafuta maalumu. Wiki mbili nyuma mafuta yaliisha, naye akatia mafuta yangu ya udi. Ukumbi mzima ukanukia arusi, king'ora cha moto kikalia, wazee wa watu wakatoka nje kwenye barafu bila makoti. Mwenyekiti alisema likitokea jambo jingine, safari ya mwisho atapewa mtu mwingine. Niseme haki: hakufoka. Na chupa ya udi niliiacha mezani mimi.

Basi, saa nane mchana, wageni wamejaa, treni ikashuka kutoka mlimani mpaka mdomoni mwa handaki. Taa ikawaka kijani. Mume wangu akaisimamisha.

"Nenda," mwenyekiti alisema kwa Kiingereza.

"Tokeni iko wapi?"

Kwetu, njia ikiwa moja kama ya handaki lile, dereva haingii mpaka stesheni masta amkabidhi tokeni, kipande cha chuma ambacho kwa njia ile ni kimoja tu. Ukiwa nacho, hakuna wa kukutana naye uso kwa uso huko ndani. Reli ya Agincourt inaongozwa na kompyuta, na mume wangu alilijua hilo. Mazoezini alipita mara tano kwa taa tu. Baadaye nilimuuliza kwa nini leo. Akasema mazoezini alikuwa anacheza, leo alikuwa dereva.

Upande wa pili wa handaki alisimama jirani yetu, mzaliwa wa Mombasa, muuza vitambaa mstaafu, akiwa na treni yake ya umeme. Ndiye aliyemwingiza mume wangu chamani.

"Ewe mzee wa makaa! Waningoja nikuletee hati ya mahakama? Pita, bwana!"

"Wewe wa umeme nyamaza. Ukikatika huo umeme wako, treni yako ni sanduku."

"Handaki lenyewe halishindi mkono wangu kwa urefu!"

"Watu wamekufa kwenye handaki fupi."

"Watu gani? Abiria wako ni wa plastiki!"

Wageni walipiga makofi, wakidhani ni sehemu ya maonyesho. Mwenyekiti hakupiga. Alitazama saa, akamwambia jirani aje achukue rimoti ya injini ya mvuke. Mume wangu aliishika ile rimoti kwa mikono miwili. Nikamsogelea.

"Baba watoto, pita tu. Watakunyang'anya."

"Mama, nikipita bila tokeni, nitakuwa nimeendesha nini?"

Nikasogea pembeni.

Mwenyekiti, kwa nia njema, alimulika tochi handakini. Ningependa kuandika kwamba treni nyingine ilikuwemo na mume wangu akaokoa roho za watu. Haikuwemo. Kulikuwa na kipande cha biskuti.

Jirani alizunguka meza polepole, kwa sababu ya magoti. Rimoti hakuigusa. Alitoa mfukoni ufunguo wa gari.

"Huu ni mmoja tu. Wa akiba nimeupoteza, mke wangu hajui. Ukiwa nao wewe, mimi siendi popote, na wewe na shemeji hamfiki nyumbani. Yatosha?"

Mume wangu aliutazama pande zote mbili. "Stesheni masta nani?"

"Mkeo."

Nikaupokea, nikamkabidhi kwa mkono wa kulia. Sijui kama ndivyo inavyofanywa. Aliutia kidoleni, akapiga honi, treni ikaingia gizani, ikatoka, ikafika stesheni. Haikuzidi dakika moja. Aliisimamisha taratibu kiasi kwamba wale wa plastiki wangeweza kuwa wanakunywa chai.

Mwenyekiti alimpa mkono. Pia alimwambia amechelewesha ratiba dakika ishirini na moja, na ni kweli, nilikuwa natazama saa. Ufunguo mume wangu alinirudishia mimi, hakumpa mwenyewe. "Dereva hampi dereva," alisema. Jirani akaupokea kwangu kwa adabu zote, akaenda kuendesha sanduku lake.

Mke wa jirani alikuwa kwa dada yake Richmond Hill, kwa hiyo jirani alipotushusha nyumbani tulimwambia aingie. Tulikula ugali, samaki wa kukaanga na mchicha wa nazi. Mume wangu aliongeza ugali mara mbili.